Siga ya Bei Kubwa Isiyovutika: Kosa Liko Wapi?

Swali la msomaji: "Nilinunua kasha la siga 25 za hadhi ya juu, zilizosokotwa kwa mkono. Za mwanzo zilinifurahisha sana. Sasa nimevuta 15, na kati ya hizo nne zilikuwa zimeziba kiasi cha kuumiza mashavu, moja iliungua upande mmoja mpaka nikaizima, na nyingine jani lake la nje lilipasuka nilipoikata. Muuzaji anasema kazi ya mkono haiwezi kufanana, nivumilie. Je, kosa ni langu, ni la namna ninavyozihifadhi, au ni la kiwanda? Nizifanyeje kumi zilizobaki? Na je, niachane na chapa hii?"

Ndugu msomaji, nianze na muuzaji wako, maana kauli yake imenikera kuliko siga zenyewe. Siga nne zilizoziba kati ya 15 ni nyingi mno, na kazi ya mkono haitoshi kuwa sababu. Kazi ya mkono inaeleza kwa nini siga moja ina mshipa mnene juu ya jani lake na mwenzake hana, au kwa nini moja inaanza kwa ukali na nyingine inachelewa kuuonyesha. Haielezi kwa nini hewa haipiti. Mkono uliofunzwa ndio unaogundua fundo ndani ya siga kabla halijafunikwa. Anayetoza bei ya juu kwa sababu ya mkono hana haki ya kuugeuza mkono huohuo kuwa kisingizio.

Hata hivyo usizitupe zile kumi, wala usimbebeshe mwenye kiwanda kila kitu. Kasoro tatu ulizotaja hazina chimbuko moja. Kuziba mara nyingi huanzia kwenye meza ya msokotaji. Kuungua upande huweza kutoka kwa msokotaji, kwa jani lenyewe, au kwa jinsi ulivyowasha. Kupasuka kwa jani la nje ni suala la unyevu karibu kila mara, na hapo huenda sanduku lako la kuhifadhia ndilo lenye la kujibu. Nitakaa zaidi kwenye kuziba kwa sababu ndiko kwenye hasara kubwa.

Hewa inavyopata njia

Siga ya hadhi ya juu ina sehemu tatu: majani ya ndani, ambayo ni marefu na hayakukatwakatwa, jani la kufungia, linaloyashika yasitawanyike, na jani la nje, linalochaguliwa kwa sura na ladha yake. Majani ya ndani yakishafungwa huwa kitita, na kitita ndicho kinachoamua kama siga itavutika. Jani la nje haliwezi kurekebisha kitita kibaya. Linakificha tu.

Ziko njia kadhaa za kupanga majani ya ndani. Iliyo ngumu kuliko zote ni kuliviringisha kila jani peke yake liwe mrija mwembamba, kisha kuikusanya mirija hiyo pamoja. Wasokotaji wanaozungumza Kihispania huiita entubado. Hewa hupita ndani ya kila mrija na kati ya mrija mmoja na mwingine, kwa hiyo siga huvutika vizuri hata ikiwa imejazwa sana. Njia ya pili ni kuyakunja majani kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, ili kila mkunjo uache mfereji. Ya tatu ni kuyalaza majani moja juu ya jingine na kuyaviringisha yote kwa mkupuo. Hii ni ya haraka, na ndiyo inayosamehe makosa kidogo kuliko zote, kwa sababu hewa haikuachiwa mfereji wa makusudi.

Msokotaji mwenye muda anaweza kutoa siga nzuri kwa njia yoyote kati ya hizo. Shida ni huo muda. Viwandani msokotaji kwa kawaida hulipwa kwa idadi ya siga zilizokubaliwa, na mkono unaokimbiza idadi una makosa yake maalumu. Majani yakipindwa kidogo wakati wa kufungwa, kitita kizima hujinyonga na hewa hukwama palipopindwa. Kipande cha uti wa jani kikisahaulika ndani, hukaa hapo kama kizibo. Majani yakizidi karibu na kichwa, yaani ncha ya kutia mdomoni, mahali ambapo kofia ya siga, kile kipande cha jani kinachoifunika ncha hiyo, inabana, fundo hujitengeneza karibu kabisa na mdomo wako. Kisha vitita hulazwa kwenye kalibu, na kalibu huwekwa chini ya shinikizo. Kosa lililomo halitoki kwa kubanwa, bali linakazwa zaidi.

Kwa sababu hiyo viwanda makini hupima mvuto wa kitita kwa mashine kabla ya jani la nje kuvishwa. Mashine huvuta hewa kupitia kitita na kuonyesha kama ukinzani uko ndani ya mipaka. Kilichoshindwa hurudishwa kwa aliyekifunga, akakifumue na kukifunga upya. Upimaji huo ukifanywa siga ikiwa imeshakamilika, jani la nje, ambalo mara nyingi ndilo ghali kuliko yote, linakuwa limepotea. Hivyo kupima mapema ni uungwana kwa mvutaji na pia ni hesabu nzuri ya biashara. Lakini kupima kila kitita kunachukua muda, na kwingine huchukuliwa sampuli chache tu kutoka kwenye kazi ya kila msokotaji. Tofauti hiyo haiandikwi popote kwenye pete ya siga, ule utepe wa karatasi wenye jina la chapa.

Kuba ni mfano mzuri wa jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 iliongeza uzalishaji kwa kasi kubwa, wasokotaji wapya wengi wakaketishwa mezani, na siga zilizoziba za kipindi hicho zikawa lalamiko la wavutaji duniani kote, pamoja na sifa zote za majani ya Vuelta Abajo, eneo la Kuba linalosifika kwa tumbaku. Mashine za kupima mvuto ziliingizwa kwenye viwanda vyake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na malalamiko yakapungua. Shamba lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba kitita kilianza kukaguliwa.

Kwa nini za mwanzo zilikuwa nzuri

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Siga zilizo kwenye kasha lako huenda hazikusokotwa na mtu mmoja. Baada ya kusokotwa na kupumzishwa, siga humwagwa mezani na kupangwa kwa rangi ya jani la nje, kwa macho ya watu wenye ustadi mkubwa wa kutofautisha vivuli vya kahawia ambavyo mimi na wewe tungeona ni kimoja. Zinazolandana rangi huwekwa pamoja, na ndani ya kasha hupangwa kutoka iliyokolea hadi iliyofifia. Ndiyo maana kasha likifunguliwa linapendeza. Lakini kulandana huko ni kwa rangi. Kasha moja linaweza kubeba kazi ya mikono kadhaa: mmoja mzoefu, mwingine aliyeanza juzi.

Kuba kwa desturi msokotaji mmoja hufunga kitita na kuvisha jani la nje mwenyewe. Nikaragua, Honduras na Jamhuri ya Dominika viwanda vingi huwaweka watu wawili wawili, mmoja wa kufunga vitita na mwingine wa kuvisha. Utaratibu wa wawili hutoa siga nyingi zaidi kwa siku na kila mtu hubobea kwenye sehemu yake, lakini mfungaji akiwa dhaifu, uzuri wa mvishaji unakuhadaa: sura safi kabisa, ndani pamejaa mafundo. Usiipime siga kwa uso wake.

Zile kumi zilizobaki

Kwanza tenganisha kubana kwa unyevu na kubana kwa kitita. Tumbaku ikinyonya unyevu huvimba, na siga iliyokaa kwenye unyevu wa asilimia 72 au zaidi inaweza kubana hata kama ilisokotwa na fundi wa kwanza. Alama yake ni kwamba ugumu umeenea mwili mzima, siga ni nzito na inabonyea kama sponji. Fundo la kitita lina mahali pake. Ishike siga kati ya kidole gumba na vidole viwili, anza mguuni, yaani ncha ya kuwashia, na uende taratibu hadi kichwani ukiizungusha. Bonyeza kwa wepesi. Utahisi pale panapogoma ghafla, na pia pale panapodidimia kwa sababu majani yalipungua.

Kama una mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia sehemu za gramu, itumie. Mimi naithamini kuliko kikatio cha bei kubwa. Siga ya unene wa 50, ambao ni kama milimita 20, yenye urefu wa sentimita 12 na kitu, huwa na gramu 10 hadi 13 hivi. Namba yenyewe si muhimu sana. Linganisha siga za kasha lako zenyewe kwa zenyewe. Iliyozidi wenzake kwa gramu moja na nusu ina majani mengi kuliko ilivyokusudiwa, na iliyopungua kiasi hicho itavutika kwa urahisi wa kupindukia, iwake moto mkali na kuishia uchungu. Andika uzito kwenye kipande cha karatasi na ukifunge kwa kila siga. Ukimaliza kasha utajua kama uzito ulikwambia ukweli.

Siga unazozishuku kwa unyevu zihamishie kwenye kisanduku kikavu cha mwerezi kisicho na chanzo cha maji, au kwenye chombo kinachoziba vizuri chenye pakiti ya kusawazisha unyevu ya asilimia 62, uziache siku kadhaa mpaka wiki mbili. Siga hukauka kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo haraka hapa inapasua jani. Ukizirudia na zikavutika, umepata jibu: tatizo lilikuwa hifadhi, au zilitoka kiwandani kabla hazijapumzishwa vya kutosha. Majani hulowanishwa ili yakubali kukunjwa bila kuvunjika, na siga mpya huhitaji kukaa kwenye chumba chenye ubaridi hadi maji hayo ya ziada yatoke. Mahitaji sokoni yakiwa makubwa, muda wa chumba hicho ndio wa kwanza kupunguzwa.

Zenye fundo zinahitaji mkono. Kata kichwa kidogo tu, uvute kabla ya kuwasha. Usiiwashe siga kamwe bila kuvuta hewa yake baridi kwanza, kwa sababu siga ambayo haijawashwa bado inaweza kutengenezwa, na hata kurudishwa. Ikibana, kata milimita moja au mbili zaidi, ila usivuke ukingo wa kofia. Ukivuka, jani la nje litaanza kufunguka. Siga yenye kichwa kilichochongoka inakupa nafasi zaidi, kwa hiyo nayo usiikate ndogo mno halafu ukalaumu kitita.

Bado inagoma? Iviringishe kwa upole kati ya vidole pale penye fundo, kisha utumie sindano ndefu ya chuma yenye meno, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya siga. Iingize kichwani, ukiizungusha polepole na kuinyoosha katikati ya mwili, uivute nje pamoja na nyuzi za tumbaku inazong'oa. Safisha meno, rudia mpaka hewa ipite. Kinachofanya kazi ni kung'oa. Kijiti cha meno au waya laini husukuma tu tumbaku pembeni, huikaza zaidi, na mara nyingi hutokea ubavuni. Fundo la kawaida hutii. Siga iliyonyongwa mwili mzima haitatii, na hiyo iache kando bila kuiwasha. Utaihitaji tukifika kwa muuzaji.

Usijaribu kuishinda siga iliyoziba kwa kuvuta kwa nguvu. Moshi wake utakuwa mchache, na wenye uchungu. Tena moshi wa siga huleta saratani ya kinywa na koo hata kwa asiyeuingiza mapafuni. Siga inayomfanya mtu avute mara mbilimbili na kwa nguvu inastahili kuzimwa.

Ile iliyoungua upande

Swali la kwanza ni kama uliiwasha sawasawa. Mguu wa siga unatakiwa kupashwa moto pande zote, mwali ukiwa mbali kidogo, ukizungusha mpaka ukingo mzima uwe na wekundu mmoja, ndipo uvute. Ukiwasha upande mmoja na kuharakisha, mstari wa moto unaweza kukaa mshazari kwa nusu saa nzima.

Kama uliwasha vizuri, kuna jaribio rahisi. Upande unaochelewa ugeuze uwe chini, uvute polepole, utazame. Mstari ukijinyoosha, lilikuwa jambo dogo. Ukichelewa upande uleule kila unapoigeuza, kosa liko ndani. Majani ya ndani hayaungui kwa kasi moja. Yale ya juu ya mmea, yanayoitwa ligero, ni mazito, yana mafuta na nguvu nyingi, na huungua polepole. Yale ya chini, volado, ni mepesi na hushika moto upesi. Seco, ya katikati, hubeba harufu. Msokotaji anatakiwa kuliweka ligero katikati kabisa ya kitita, likizungukwa na mengine. Likisogea ubavuni, ubavu huo utabaki nyuma mpaka mwisho, na hakuna ujuzi wa mvutaji utakaoubadilisha. Unaweza kuugusa kwa mwali mara moja au mbili ili ulingane. Ikikulazimu kufanya hivyo kila baada ya dakika chache, izime.

Ipo pia siga inayoungua katikati huku jani la nje likibaki zima pembeni. Mara nyingi jani hilo ni nene na lina unyevu kuliko tumbaku ya ndani, au unavuta kwa kuchelewa mno. Siku chache kwenye kisanduku kikavu husaidia.

Halafu yako matatizo ya jani ambayo msokotaji hana hatia nayo. Udongo au mbolea yenye klorini nyingi hufanya tumbaku iungue vibaya, na potasiamu huisaidia kuungua vizuri. Mkulima asiyejali hayo huuza majani mazuri kwa macho yanayozimikazimika. Jani ambalo halikuvundikwa vya kutosha hubaki na amonia, nayo utaitambua kwa kuchoma pua na kuacha ladha chungu ya chuma ulimini. Hata mbegu ina lake. Corojo, aina ya tumbaku iliyotoa jani la nje la Kuba kwa miongo mingi, iliachwa miaka ya 1990 kwa kuwa ugonjwa wa ukungu wa bluu uliishambulia kirahisi, na mojawapo ya zilizochukua nafasi yake, Habana 2000, ilistahimili ugonjwa lakini ikalalamikiwa sana kwa kuungua vibaya. Wasokotaji walilaumiwa kwa kosa lililoanzia kitaluni.

Iliyopasuka

Hapa nakuomba ukague sanduku lako kabla ya kumkagua mtu mwingine. Kipima unyevu huweza kukosea kwa asilimia tano au zaidi bila wewe kujua. Weka chumvi kijiko kimoja kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe tope zito, ufunge kifuniko hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku nzima. Kipimo kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, unajua unaongeza tano kwenye kila kinachokuambia.

Siga nyingi hukaa vizuri kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 68 na joto la nyuzi 16 hadi 21 za Selsiasi. Mimi nashikilia 65, na sijaona sababu ya kupanda juu. Kinachopasua jani ni mabadiliko ya ghafla: siga iliyovimba kwa unyevu inatolewa kwenye hewa kavu, jani la nje linasinyaa kwanza wakati tumbaku ya ndani bado imetanuka, na kikatio kinamalizia. Kikatio butu hufanya hivyo hata kwa siga iliyohifadhiwa vizuri, na majani membamba, mfano yale ya Kamerun, hayasamehe. Ufa mdogo karibu na kichwa unaweza kuuziba kwa pektini, ile ya kugandishia jemu, iliyokorogwa na maji, tone moja kwenye ncha ya kidole. Kwenye joto la juu ya nyuzi 25 kuna hatari nyingine, mdudu wa tumbaku, anayeacha vitundu vya mviringo safi; ukiviona, ziwahishe siga zote kwenye friza kwa siku tatu au nne, zikiwa kwenye mfuko uliofungwa vizuri, kisha zipitishe kwenye jokofu la kawaida kwa siku moja kabla ya kuzirudisha.

Siga moja iliyopasuka kati ya 15, ikiwa kipimo chako ni sahihi, ningeisamehe.

Kile ambacho bei hainunui

Wengi huamini kwamba bei ikipanda na ukaguzi unapanda. Bei ya siga hubeba miaka ya kuvundika na kukomaza jani, kodi, usafirishaji, faida ya wasambazaji, kasha, pete yenye nakshi na matangazo. Mashine ya kupima mvuto na mtu wa kuitumia ni sehemu ndogo sana ya gharama hizo, na ndiyo inayorukwa kwa urahisi kwa sababu mnunuzi haioni. Zipo siga za bei ya kati kutoka Estelí ya Nikaragua au Danlí ya Honduras zinazovutika sawasawa kasha baada ya kasha, na zipo za bei mara tano yake zinazokubahatisha.

Ubora pia hufuata misukosuko ya soko, ila kwa kuchelewa. Kati ya 1992 na 1997 Marekani ilipatwa na kiu kubwa ya siga; uingizaji wa zile za kusokotwa kwa mkono ulipanda kutoka kama milioni 100 kwa mwaka hadi kupita milioni 400. Viwanda vikafunguliwa kila upande, majani mabichi yakasokotwa, watu wakafundishwa kwa haraka, na siga nyingi za miaka hiyo hazikufaa kuvutwa. Upande wa shamba, ukungu wa bluu uliangamiza sehemu kubwa kabisa ya zao la Kuba msimu wa 1979 na 1980, na mwezi Septemba 2022 kimbunga Ian kilibomoa maelfu ya mabanda ya kukaushia tumbaku huko Pinar del Río, mkoa wa tumbaku wa Kuba. Jani la leo linaonekana kwenye siga ya miaka miwili mitatu ijayo. Kwa hiyo tarehe ya kasha ina maana kuliko jina lililoandikwa juu yake.

Kwa muuzaji

Nenda na ushahidi. Chukua ile siga iliyogoma hata baada ya kukaushwa na kutobolewa, zile ulizokwisha kuzizima mapema kama hukuzitupa, na picha ya chini ya kasha. Usimpelekee kipisi cha sentimita tatu. Siga iliyovutwa mpaka mwisho haiaminiki kuwa ilikuwa na shida. Mwambie mambo yanayopimika: siga 15 zimevutwa, nne zimeziba, zimehifadhiwa kwenye unyevu wa kiasi fulani kwa kipimo kilichohakikiwa, uzito wa zilizogoma ni huu na wa zilizovutika ni huu. Kisha omba unachotaka kwa uwazi: zibadilishwe zile nne, au kasha lipelekwe kwa msambazaji. Muuzaji anayejali atakushukuru, kwa sababu yeye pia anahitaji hoja ya kumwambia aliyemuuzia.

Mpaka wangu ni huu: siga moja mbovu kwenye kasha la 25 naivumilia, mbili naziandika, tatu narudi dukani.

Kama siga zako ni za Kuba na kasoro zimeandamana na kofia zilizoviringwa ovyo, pete zisizolingana kimo au rangi zinazotofautiana waziwazi ndani ya kasha moja, fikiria pia kwamba umeuziwa bandia. Muhuri wa dhamana wa kasha una namba unayoweza kuihakiki kwenye tovuti ya Habanos, kampuni inayouza siga za Kuba duniani. Kasha la Cohiba, chapa maarufu ya Kuba, lenye mfuniko wa kioo ni bandia, bila mjadala.

Uiache chapa?

Bado. Kwanza lisome kasha. Makasha ya Kuba hugongwa muhuri chini wenye alama ya kiwanda na, tangu 2000, herufi tatu za mwezi kwa Kihispania zikifuatwa na tarakimu mbili za mwaka: ENE ni Januari, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Watengenezaji wengi wa nchi nyingine hawaandiki tarehe kwa namna inayosomeka, lakini muuzaji anaweza kuuliza kwa msambazaji, na anayekataa hata kuuliza amekwisha kukuonyesha atakavyokuhudumia baadaye.

Kisha usinunue kasha jingine zima. Nunua siga tatu za chapa hiyo hiyo na saizi hiyo hiyo kutoka kwenye kasha la tarehe tofauti. Tatu, kwa sababu moja inaweza kukudanganya kwa uzuri au kwa ubaya, nawe umeshaona zile zako za mwanzo zilivyokudanganya. Zipumzishe wiki tatu kwenye sanduku lako, zipime uzito, zivute. Kama saizi unayoipenda ni nyembamba, tuseme unene wa 38, ujue kwamba hapo nafasi ya hewa ni ndogo na kosa dogo la mfungaji linaziba kila kitu. Jaribu chapa ileile kwa unene wa 46 au 50 kabla ya kuitia hatiani. Zote tatu zikivutika, kasha lako la kwanza lilikuwa la siku mbaya, na unaweza kuendelea kununua kwa tarehe. Mbili zikigoma, hama, na umwambie muuzaji kwa nini umehama.